Draya ya kukaushia matunda na mboga nyumbani: ipi ununue, ipi uiache

Kila mwezi wa 12 huku Morogoro maembe dodo yanaoza chini ya miti, watu wanayaruka tu njiani, halafu ikifika mwezi wa 6 embe unaitafuta huipati na ukiipata bei yake unaiangalia unaondoka. Inaniuma sana hii. Ndo maana nakausha, mwaka wa nne sasa, maembe, ndizi, mananasi, nyanya, bamia, matembele, na swali ninaloulizwa kila siku ni draya gani ninunue. Haya, naziweka kwa mpangilio wangu, ya kwanza mpaka ya mwisho.

Ila kabla hujatoa hela shika hili moja: kinachokausha ni hewa inayopita. Joto linatoa maji ndani ya kipande tu, sasa yakishatoka yasipopata pa kwenda yanabaki humohumo. Mi hili nimelijua kwa hasara. Draya yangu ya kwanza fundi alinipigia boksi zuri la mbao, ndani kapaka rangi nyeusi, juu kioo, ukiingiza mkono unautoa haraka kwa lile joto, nikafurahi kweli nikajaza trei 3 za embe. Kesho yake asubuhi kioo kimejaa jasho kwa ndani, matone yanadondokea vipande, siku ya tatu naona vimanyoya vya kijani pembeni ya vipande. Nikafukia zote. Lile boksi halikuwa na tundu la kuingiza hewa chini wala la kutoa juu.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni draya ya jua ya kabati, na sizungumzii ya paneli na betri, nazungumzia fremu ya mbao iliyovikwa plastiki ya grini hausi (ile yenye kinga ya miale ya UV ya jua, ya kawaida inapasuka mapema kwa jua), hewa inaingia chini inapata moto inapanda kwenye trei inatokea juu. Haili umeme, fundi seremala yeyote makini anaitengeneza, na inabeba mzigo wa maana: mita moja ya mraba ya trei inakula kama kilo 4 au 5 za vipande. Embe ukikata nyembamba, milimita 5 au 6, jua likiwa zuri siku 2 hadi 3 imekauka. Angalia neti ya trei kwa macho yako. Waya wa kuku usikubali, ule umepakwa zinki na asidi ya matunda inaila, na chandarua cha mbu chenye dawa ndo kabisa usithubutu kuweka chakula cha watoto juu yake, sema unataka neti ya nailoni isiyo na dawa. Miguu iwe inakaa kwenye vikopo vya maji, bila hivyo siafu na sisimizi watakula kabla yako. Na usimmalizie fundi hela mpaka umejaribu: mchana jua likiwa limewaka, washa udi, shika pale kwenye tundu la chini uone moshi unavutwa unatokea juu. Moshi ukizubaa ndani, mwambie aongeze tundu.

Namba mbili ni ya umeme yenye feni nyuma na trei za stenlesi zinazochomolewa kama droo. Hewa inapita kwenye trei zote sawasawa, unaweka nyuzi 57 au 60 kwa matunda, 50 hivi kwa mboga, unalala asubuhi unakuta tayari. Hesabu ya umeme ni nyepesi, ya wati 500 ikiwaka masaa 10 mfululizo ni uniti 5 za LUKU. Sasa kama unakaa Dar, Tanga, Unguja au Mombasa, hii kwako ndo namba moja, maana pwani hewa yenyewe imebeba maji, unakausha mchana usiku kipande kinavuta unyevu tena, na masika ndo hutaki hata kusikia habari ya jua. Hakikisha tu ina kitufe cha kupanga nyuzi, zenye ON na OFF peke yake zinaunguza mboga.

Namba tatu, zile za plastiki za duara za kupanga trei juu ya trei, bei rahisi na zimejaa madukani. Sio mbaya kwa kujifunzia. Lakini feni iko chini, trei ya chini inakauka ya juu bado mbichi, itabidi uamke kuzibadilisha, na nanasi likidondosha maji yanaenda kwenye mota. Halafu udogo wake jamani, trei 5 za upana wa sm 30 zote pamoja hazifiki nusu mita ya mraba, yani unaweka kilo moja na nusu basi.

Namba nne ni chanja na neti ya kufunikia. Kwa Dodoma na Singida hewa ilivyo kavu inatosha kabisa, mlenda wa kukausha umelisha watu kule miaka yote. Mboga za majani tu weka kivulini penye upepo, jua kali likizipiga moja kwa moja linaua vitamini A.

Oveni ya gesi usinunue kwa kazi hii, haishuki nyuzi za kutosha na hewa haitembei, unapata embe iliyoiva nje ndani bichi.

Hela ikibaki nunua chupa za kioo zenye mfuniko mzuri, usirukie vifuko. Kilo 10 za embe ukishamenya na kutoa kokwa zinakupa kama kilo moja kavu, kwa hiyo chupa chache zinatosha. Jaza robo tatu, funga, kila siku kwa wiki nzima itikise na uichungulie kwenye mwanga, ukiona jasho limeshika kioo kwa ndani rudisha vipande kwenye draya siku hiyohiyo.