Pikipiki za zamani za mipigo minne za kupandia milima: ipi ununue ukiwa Kigoma

Kipimo changu hapa ni kimoja. Pikipiki ikikufia Kalinzi Ijumaa jioni, je, Jumatatu itakuwa inatembea? Uzuri, uadimu na jina la kiwandani vije baadaye. Wanaotafuta pikipiki kuukuu wameongezeka, wengine kwa mapenzi tu, wengine wamechoka kuona Boxer ikigaragara kwenye matope ya Manyovu, na karibu wote wananunua kwa macho. Tangi linang'aa, stika ni mpya, pesa imeshatoka.

Ninazozipanga ni za jamii ya trayali, au zilizo jirani nayo. Kwa asiyeujua mchezo huo, trayali si mbio. Mwendeshaji anasimama juu ya vikanyagio na kupita kwenye mawe, mizizi na makorongo polepole mno. Mguu ukigusa chini anahesabiwa: pointi 1 kwa mara ya kwanza, 2 kwa ya pili, 3 kuanzia ya tatu, na 5 akishindwa kabisa. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Kwa hiyo pikipiki ya trayali haina haja ya kasi. Inataka nguvu injini ikiwa chini, gia fupi, uzito mdogo na usukani unaokata sana, na hayo ndiyo anayoyataka mtu anayepanda kutoka Mwandiga kwenda kwenye mashamba ya kahawa ya Kalinzi mvua ikiwa imetoka kunyesha.

Shida ni kwamba za mipigo minne, yaani zisizochoma oili pamoja na petroli kama za mipigo miwili, hazikutengenezwa nyingi. Miaka ya 1950 mchezo ulikuwa wa Waingereza na mashine zao nzito: Ariel HT5, Royal Enfield Bullet, Triumph Tiger Cub. Kisha Sammy Miller, aliyekuwa akitamba na Ariel yake yenye namba GOV 132, akahamia Bultaco ya Hispania, ya mipigo miwili, na mwaka 1965 akashinda nayo mashindano ya siku sita ya Uskoti. Viwanda vingi vikafuata njia hiyo. Honda ndiyo iliyong'ang'ania mipigo minne, hadi Mbelgiji Eddy Lejeune alipoipa ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 1982 hadi 1984. Ndiyo maana orodha hii imejaa Honda. Ushabiki nao upo, sikatai.

Ya kwanza: Honda XL185S, na mdogo wake XL125S

Hizi si za trayali halisi. Ni za njia mbovu kwa jumla. Lakini ndizo ninazomwambia mtu azitafute kwanza, kwa sababu nyingine bado ziko mkoani humu. Ni zile za miradi na misheni, zimeegeshwa nyuma ya nyumba za mabwana shamba wastaafu, kuku wamelala juu ya siti. Zilitoka mwishoni mwa miaka ya 1970. XL185S ina sisi (cc) 180 na ile ndogo 124. Silinda ni moja, inapozwa kwa upepo, kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, iko juu na inazungushwa na cheni. Hakuna pointi, vile vipande vya kukata umeme wa plagi, za kusugua kwa msasa kila mwezi. Umeme wake ni wa volti 6, na hapo ndipo pa kuudhi, maana globu za volti 6 duka la spea la Mwanga watakutolea macho.

Kati ya hizo mbili chukua 185. Kwenye mlima mkali unaiacha gia ya pili na inapanda bila kelele, wakati 125 inataka ukanyage gia na kuipigisha kelele. Ukitaka iwe na tabia ya trayali, punguza jino moja kwenye sproketi ya mbele, ongeza machache ya nyuma, ondoa taa za pembeni na keria. Basi. Usiikate chasisi. Nimeona moja Ujiji iliyokatwa mkia ili ifanane na picha ya kwenye simu, na sasa haina pa kufunga siti wala mnunuzi.

Udhaifu wake mkubwa uko kichwani. Kamshafti inazunguka moja kwa moja ndani ya aluminiamu ya silinda hedi, haina beringi. Oili ikipungua au ikikaa hadi kuwa kama lami, matundu yale yanapanuka, na hakuna spea ya tundu. Itabidi upate hedi nyingine, au uingie karakana ya kuchonga vyuma wakutilie bushi, kazi ambayo si kila mwenye mashine anaiweza. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei fungua vifuniko viwili vidogo vya tapeti na umulike kwa tochi ya simu. Zungusha injini taratibu kwa kiki. Uso wa jino la kamshafti uwe laini na unang'aa. Ukiona makovu, mikwaruzo au rangi ya bluu ya kuungua, funga vifuniko, shukuru, ondoka. Pikipiki hiyo thamani yake ni ya spea tu, hata kama inawaka kwa kiki moja.

Kuna jambo jingine kuhusu 125. Silinda yake ni kipenyo cha milimita 56.5 kwa mwendo wa pistoni wa 49.5, vipimo vilevile vya Honda CG125, ambayo injini za SANLG na ndugu zake nyingi zimeiga. Muuza spea atakuambia pistoni inaingia. Usibishane naye, wala usimwamini. Ipeleke ile ya zamani dukani, uziweke bega kwa bega, pima pini, pima urefu kutoka pini hadi juu, tazama mikato ya valvu. Injini mbili zinaweza kuwa na tundu moja na bado pistoni ya hii ikagonga valvu za ile.

Ya pili: Yamaha AG200

Wengi watasema ningeiweka ya kwanza, na kwa mtu wa kazi wako sahihi. Sisi 196, cheni imefunikwa yote kwenye boksi lake hivyo matope hayaigusi, stendi pande zote mbili, keria mbele na nyuma, na kile kidude cha kufungia klachi ili ufungue geti la zizi bila kuzima injini. Ilitengenezwa kwa wafugaji na haijifichi. Injini yake ni jamii moja na ya Yamaha TW200, iliyoanza kuuzwa Marekani 1987 na kuendelea kwa miaka mingi, kwa hiyo pistoni, ringi na gasketi bado zinaagizika kupitia Dar.

Kwa mchezo, uzito ndio unaoishusha. Ikianza kulala kwenye mwamba huizuii kwa mguu mmoja. Ukizitoa keria inapungua kidogo, lakini ng'ombe ukimvua kengele bado ni ng'ombe. Angalizo: iko pia AG100, wanafanana kwa mbali, ila hiyo ni ya mipigo miwili. Hata DT125 na TF125 ni za mipigo miwili, na madalali wa huku wanaziita zote "pikipiki ndefu" kana kwamba ni kitu kimoja. Ukiona mahali pa kutilia oili pembeni, nje ya injini, na moshi wa bluu hata ikiwa nzima, umeletewa siyo.

Ya tatu: Honda TLR200

Hii sasa ni trayali yenyewe. Sisi 194, injini ya ukoo mmoja na XL185S na XR200, shoku mbili nyuma, breki za dramu, siti ya kukalia wakati wa kurudi nyumbani tu. Ilitoka Japani mwaka 1983. Marekani iliuzwa kwa jina la Reflex. Kwa mwendo wa mtu anayetembea, pikipiki hii inakaa wima kama imeshikiliwa. Ukoo huo wa injini ndio unaoifanya inunulike: sehemu nyingi za ndani fundi anayeijua XL hazimsumbui.

Mbona basi ni ya tatu? Kwa sababu hapa Kigoma hutaikuta. Utaiagiza Japani kama mtumba, na bei unayoiona kwenye tangazo ni mwanzo tu. Kuna meli, kuna bandari, kuna kodi, kuna usajili, kuna lori au treni ya kutoka Dar. Zungumza na wakala wa forodha upate hesabu yote kwa maandishi kabla hujatuma hata shilingi. Jumla ikizidi bei ya Boxer mbili mpya, jiulize kama unanunua chombo au picha ya ukutani. Mimi ningenunua, lakini nisingemshauri mwenye pikipiki moja tu nyumbani.

Ya nne: Honda TL125

Ya mwaka 1973, Japani wakiiita Bials. Sisi 122, nyepesi, tamu kwa macho, gurudumu la inchi 21 mbele na 18 nyuma kama trayali zote. Za mwanzo zina pointi na umeme dhaifu. Nguvu zake zinamtosha kijana mwembamba. Mtu wa kilo 90 atamaliza Jumapili akiisukuma. Hii ni ya mkusanyaji.

Ya tano, na ya kuachana nayo: za Waingereza

Ariel, Tiger Cub, Bullet ya trayali. Ukirithi moja, itunze. Usiitafute. Boliti zake zenyewe zina vichwa ambavyo spana za fundi wa Gungu hazivishiki.

Mtu makini atauliza: kwa kipimo chako cha Ijumaa na Jumatatu, si SANLG iliyobadilishwa ndiyo ingeshinda? Ingeshinda. Injini ya aina ya CG125, ambayo Honda waliitoa 1976 wakiwalenga watu wasio na muda wa matengenezo, haina cheni ya kamshafti. Ina fimbo za kusukuma valvu, na inavumilia oili mbaya kupita kiasi. Spea zake ziko hadi kwenye vibanda vya vijijini. Ila si ya zamani wala si adimu, na forki zake zinakunjika ukiirusha juu ya mawe. Kama unajifunza, anza nayo mwaka mzima. Utaangusha kitu cha bei nafuu.

Siku ya kwenda kuiona

Fika mapema kuliko mlivyoahidiana. Weka kiganja kwenye silinda: iwe baridi. Muuzaji aliyeiwasha kabla hujafika ana sababu yake. Sukuma kiki polepole kwa mkono, usikie ikigoma mahali fulani. Ikiteremka laini kama pampu iliyotoboka, ringi au valvu zimekwisha. Ikiwaka, tazama moshi. Bluu kidogo mwanzoni kisha ukatoweka ni sili za valvu, kazi ndogo. Bluu unapovuta mafuta, hiyo ni ringi na silinda. Mweusi ni kabureta, usiogope. Huku kwetu, ukitoka usawa wa ziwa, karibu mita 770, ukaenda juu Manyovu, hewa inapungua na kabureta ileile inakuwa inamwaga petroli nyingi. Plagi ikitoka nyeusi huko haimaanishi injini ni mbovu.

Mlio wa "kacha-kacha" upande wa cheni ya kamshafti ni wa kujadili bei. Mlio mzito wa "du, du" kutoka chini ni konrodi, hapo hakuna mjadala. Kisha shuka kwenye chasisi: tazama shingo ya usukani na pale vikanyagio vinapofungwa, tafuta alama za kuchomelea chini ya rangi. Rangi mpya mahali hapo tu ni jibu tosha. Ndani ya tangi mulika kwa simu (si kiberiti, maana nimeshamwona mtu akitaka kufanya hivyo) uone kutu.

Matairi yaweke kwenye hesabu tangu mwanzo. Tairi laini la trayali, 4.00-18 la nyuma na 2.75-21 la mbele, utaliagiza, na linaendeshwa na upepo mdogo sana. Ukipunguza upepo bila kufunga kishikio cha tairi kwenye rimu, tairi litazunguka na kung'oa mdomo wa tyubu kabla hujafika Bitale.

Kadi

Pikipiki nyingi nzuri za zamani mkoani humu zilikuwa za miradi, na nyingine bado zina namba za DFP, yaani za miradi ya wafadhili. Maana yake ziliingia kwa msamaha wa kodi, na ukizinunua wewe raia kodi hiyo inaamka. Ukiuziwa kwenye mnada, dai risiti ya mnada na barua ya taasisi inayotaja namba ya chasisi na ya injini. Bila hizo mauziano yenu ni karatasi ya kufungia vitumbua. Soma namba zilizogongwa kwenye chuma wewe mwenyewe, futa grisi kwa kitambaa chenye petroli, linganisha na kadi tarakimu moja moja. Injini ikiwa imebadilishwa si kosa, ila lazima kadi iseme hivyo. Nenda na muuzaji TRA mkiwa wawili, muulize deni lililopo na gharama ya kubadilisha umiliki, ndipo mrudi kuongea bei. Na pesa iliyobaki umpe akishatia sahihi, si pale chini ya mwembe.