Kichupa kimoja, mwanamke mmoja

Kichupa kilifika kimefukiwa kwenye barafu kavu, hakizidi kidole cha mwisho, na lebo inasema seli 500,000. Ni seli zinazotandika ndani ya mishipa midogo ya damu ya kizazi cha mwanamke, zilizogandishwa zikiwa za kizazi cha tatu. Hapo Kiswahili kinatucheka: neno "kizazi" la kwanza ni nyumba ya mtoto, la pili ni mara ngapi seli zimehamishwa chombo. Daftarini nimeamua kuandika "uhamisho", la sivyo mwenzangu hatanielewa.

Tulikuwa tukitumia seli za mshipa wa kitovu, zile HUVEC zilizoanza kukuzwa maabara tangu 1973. Hazina usumbufu, zinakua vizuri. Ila ni za mtoto, si za mama, tena zinatoka kwenye mshipa mkubwa. Mimi nataka kujua mishipa ya kizazi inafanya nini homoni zikipanda na kushuka, kwa kuwa mishipa ya utando wake wa ndani hubomoka na kujengwa upya kila mwezi. Kitovu hakinijibu hilo.

Maelekezo yalikataza kuziingiza kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha, baada ya kuyeyusha. Unazimimina moja kwa moja kwenye chupa yenye midia, yaani maji ya chakula chao, ya moto wa mwili, na ile dawa ya kugandishia, DMSO, unaiondoa kesho yake kwa kubadilisha midia. Miaka yote nimezoea kuzungusha kwanza, mikono ikaniwasha. Nikatii. Asubuhi nyingi zilikuwa zimeshika sakafu ya chupa, na siku ya tano chini ya hadubini nikaona zimepangana kama mawe ya njia, hakuna inayompanda mwenzake. Tukazipima: CD31, protini inayotambulisha seli za mishipa, iling'aa mipakani mwa seli; LDL, chembe za kolesteroli, iliyotiwa rangi zikaimeza; aktini, protini ya misuli laini, haikuonekana, maana yake seli za misuli hazikuchanganyika humo. Nilipozimwaga juu ya jeli, ndani ya saa sita zilikuwa zimesuka wavu wa vijimirija. Nilimwita kila aliyepita koridoni aje kuangalia.

Zina adabu ya kula, hizi. Midia ya kawaida hazitaki. Zinadai VEGF na FGF, ambazo ni protini za kuchochea ukuaji, haidrokotisoni, heparini na seramu, yaani majimaji ya damu, juu yake. Tripsini, kimeng'enya cha kuzibandua chupani, iwe hafifu na dakika zihesabiwe. Ukiziacha zijae kupita kiasi, zinanuna.

Sasa lawama yangu. Cheti kilitaja umri wa aliyetoa, kikasema VVU, homa ya ini B na C na mikoplazma, bakteria wadogo wanaochafua seli, havikuonekana. Vizuri, ingawa sisi bado tunazishika kama damu ya mtu yeyote. Lakini hakikusema zilitolewa tabaka gani, kwenye misuli ya kizazi au kwenye utando wa ndani, wala mama huyo alikuwa siku ya ngapi ya mzunguko. Niliwaandikia wauzaji mara mbili. Jibu: taarifa hiyo haikukusanywa. Kwa anayechunguza homoni, huko ni kuuziwa saa isiyo na mishale.

Na midia waliyoniuzia pamoja nazo ilikuwa na rangi nyekundu ya fenoli, ambayo huweza kufanya kazi ya estrojeni, homoni ya kike, japo kwa udhaifu. Nikaongeza estrojeni yangu juu yake, nikashangaa mbona hakuna tofauti. Wiki mbili zikaenda nikitafuta kijiko changu cha chumvi baharini. Kosa ni langu pia, ningesoma lebo. Niliporudia kwa midia isiyo na rangi na seramu iliyochujwa kwa mkaa ili kuondoa homoni, tofauti ikaonekana.

Kufikia uhamisho wa saba zilikuwa zimetanuka, bapa, uvivu mtupu. Nikazitupa.

Nimeagiza tena: vichupa viwili, vya wanawake wawili tofauti. Safari hii swali la tabaka nimeliuliza kabla ya kulipa.