Timothy Zahn na riwaya zake za Star Wars: uanze na kipi, uruke kipi

Karibuni tena, wapenzi wa vitabu. Rundo hili lililo mbele yangu lote ni la mwandishi mmoja, Mmarekani Timothy Zahn, na ni zile riwaya alizoziandika ndani ya ulimwengu wa Star Wars, zile filamu za vita vya angani. Wengi wenu mmekuwa mkiuliza mwanzo uko wapi. Jibu natoa sasa hivi, mwenye haraka akashughulike na mengine: anza na Heir to the Empire ya 1991, fuatisha Dark Force Rising ya 1992, malizia na The Last Command ya 1993. Usichanganye mpangilio huo. Ni hadithi moja iliyogawanywa mara tatu, na cha pili ukikisoma peke yake utaambulia nusu.

Hapa Nairobi shida ni kwamba kwa wauza vitabu vya mitumba, hizi meza za Tom Mboya na Moi Avenue, ni nadra vitatu kukaa pamoja. Ukikuta cha tatu, kinunue, lakini kiweke kando hadi upate wenzake. Na kabla hujatoa pesa, fungua katikati hivi, taratibu. Mnaona hapa mgongoni? Nakala ndogo za miaka ya 90 zimeunganishwa kwa gundi tu, hazikushonwa. Gundi ikikauka inapasuka, ukikunjua kwa nguvu kurasa zinatoka kwa mafungu. Halafu nenda mwisho kabisa uhakikishe sura ya mwisho imetimia, maana kurasa za mwisho ndizo hutangulia kung'oka. Karatasi kugeuka rangi ya manjano haina neno.

Jambo jingine la jalada: matoleo mapya ya vitabu hivi vya zamani yameandikwa Legends. Mwaka 2014 Lucasfilm ilitangaza kwamba riwaya zilizotangulia hazitahesabiwa tena kuwa historia rasmi ya ulimwengu huo. Kwa hiyo Zahn ana mikondo miwili inayomhusu mhusika yuleyule, Thrawn, na msomaji asiyejua hilo akichanganya ataona watu wanapingana na maisha yao wenyewe. Legends ni mkondo mmoja, vile vya kuanzia 2017 ni mkondo mwingine.

Sasa tuingie ndani, na hapa nitakaa kidogo. Ni miaka mitano hivi baada ya filamu ya Return of the Jedi. Dola, ule utawala wa kimabavu wa kwenye filamu, imeshindwa, imebaki vipande. Anarudi Admerali Mkuu Thrawn, mtu wa ngozi ya buluu na macho mekundu, bila Nguvu, ile nishati ya ajabu wanayoitumia mashujaa waitwao Jedi. Silaha yake ni kufikiri. Kinachomtofautisha Zahn na waandishi wengi wa vita vya angani ni kwamba kila ushindi una sababu unayoweza kuikagua. Huyu ni mtu aliyesomea fizikia hadi shahada ya pili, na inaonekana.

Fuateni hesabu hii, na asiyetaka kuambiwa hadithi aruke dakika mbili. Kitabu cha kwanza, Thrawn anahitaji meli, anajaribu kuziiba kwenye karakana za Sluis Van. Cha pili, kunatafutwa msafara uliopotea wa Katana, manowari 200. Meli hizo zilibuniwa ziendeshwe na watu 2,000 hivi kila moja badala ya 16,000. Umeshapata meli, mabaharia wa kuziendesha utawatoa wapi? Ndipo kinapokuja cha tatu na mitambo ya kuzalisha nakala za binadamu. Nakala ikikuzwa haraka inarukwa na akili, ndivyo ilivyojulikana. Thrawn anagundua kwamba kinachoziharibu ni Nguvu yenyewe, na tayari anao ysalamiri, wale viumbe kama mijusi wanaosukuma Nguvu mbali nao. Akiwaweka karibu na mitambo, askari anakomaa kwa wiki mbili tatu. Mijusi hao umewaona tangu mwanzo wa kitabu cha kwanza, wakitumika kwa kazi nyingine kabisa! Hakuna kilichochomekwa kwa dharura.

Kisa ninachotaka mkisome polepole ni kuzingirwa kwa Coruscant, sayari yenye mji mkuu wa Jamhuri Mpya iliyoishinda Dola, katika The Last Command. Thrawn anaachia asteroidi zilizofunikwa zisionekane, zizunguke sayari. Ni 22 tu. Lakini mitambo yake ya kuzirusha anaifyatua mara 287, nyingi zikiwa tupu. Walio chini wanahesabu mifyatuo, si mawe. Ngao ya sayari ikishushwa, jiwe moja likipita linaua mji. Isiposhushwa, hakuna meli inayotua wala kuondoka. Yeye anaondoka na meli zake zote na mji mkuu unabaki umefungwa. Hamna mlipuko mkubwa pale, ila ni sura bora kuliko vita vyote vya kurushiana mizinga nilivyosoma katika vitabu vya aina hii.

Kasoro zipo. Thrawn anasifika kwa kuisoma jamii kupitia sanaa yake, na wazo lenyewe ni zuri mno, ila Zahn mara nyingi anatuonyesha jibu bila kutuonyesha mchoro. Tunaambiwa ametazama sanamu, kisha tunaambiwa adui atageukia kushoto. Hapo anatudai tuamini tu. Mazungumzo nayo, wahusika wengi wana sauti moja ya utulivu na werevu. Anayevunja ukimya huo ni Mara Jade, aliyekuwa mtumishi wa siri wa Mfalme wa Dola, na kwake hasira ina sababu na ina uzito.

Ukimaliza hivyo vitatu, katika Legends ongeza Specter of the Past na Vision of the Future, za 1997 na 1998. Vingine vinaweza kusubiri.

Mkondo mpya: Thrawn ya 2017 ni nzuri sana, anaonekana akipanda cheo ndani ya Dola, na kijana Eli Vanto anayetazama kando yake. Thrawn: Alliances ya 2018 ndiyo dhaifu kwangu, inarukaruka kati ya nyakati mbili na kila mara unapoanza kunogewa inakukatiza. Treason ya 2019 inarudisha nidhamu.

Halafu kuna vitatu vya Ascendancy, vya 2020 na 2021, kuhusu taifa lake la Chiss. Wengi wanakwama humu, na kinachowakwamisha ni majina. Shika kanuni hii. Jina kamili ni Mitth'raw'nuruodo. Sehemu ya kwanza ni ya ukoo. Chukua mwisho wa ya kwanza, th, ongeza ya kati yote, raw, kisha herufi inayoanza ya tatu, n. Umepata Thrawn. Mtu akichukuliwa na ukoo mwingine, jina linabadilika: awali alikuwa Kivu'raw'nuru. Akifika cheo cha juu jeshini, ukoo unafutwa, ndiyo maana Irizi'ar'alani, aliyeitwa Ziara, anakuwa Ar'alani. Ni mwanamke yuleyule! Kata kipande cha karatasi, kitumie kama alamisho, na kila jina jipya liandike hapo pamoja na ukoo wake. Usianze na hivi hata kama ndivyo vinavyong'aa dukani, kwa sababu vinakutaka uwe tayari unamjali Thrawn.

Kwa wanaosikiliza badala ya kusoma, garini au kwenye matatu: tafuteni Heir to the Empire iliyosomwa na Marc Thompson, isiyofupishwa. Zile rekodi za mwanzo za miaka ya 90 zilifupishwa, na kwa mwandishi ambaye kila tukio linaegemea lililotangulia, ukikata mahali pamoja msikilizaji anabaki hajui ushindi umetoka wapi. Na mkikuta toleo la karatasi la 2011 la kitabu hicho, la kuadhimisha miaka 20, lichukueni: Zahn mwenyewe ameandika maelezo pembeni mwa kurasa akieleza kwa nini alipanga hivi na si vile.