Howa 1500: Bunduki ya Mjapani, Ununue au Uiache?

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo sizunguki, maana nina wiki mbili na hii bunduki na kila siku natafuta sababu ya kuitoa kabatini.

Hii hapa. Howa 1500, ya risasi za .308 (upana wa risasi kwa inchi). Kabla ya yote: bolti (chuma unachokivuta kuingiza na kutoa risasi) iko wazi, magazini, yaani kisanduku cha risasi, tupu, nachungulia, natia kidole, hamna kitu. Na risasi zote mtakazoziona leo ni bandia, za plastiki. Urefu wa mtutu na mengine ya kwenye boksi mnayajua, tuyaruke.

Kila nikiitaja kwa Waswahili wenzangu hapa Pennsylvania naulizwa, "Howa ndiyo nini?" Remington wanaijua, Winchester wanaijua. Jamani, Howa inatoka Kiyosu, jirani na Nagoya. Kampuni ilianza mwaka 1907 ikiunda mitambo ya kufuma nguo ya Sakichi Toyoda. Naam, Toyoda yuleyule ambaye mwanawe alikuja kuanzisha Toyota! Bunduki za jeshi la Japani zinatoka kwao. Na ile Weatherby Vanguard ambayo watu wanailipia zaidi, mtambo wake unatoka kiwanda hichohicho. Unaongeza pesa, kwa sehemu kubwa unanunua jina.

Sasa sogeza kamera. Hapa, nyuma ya mkono wa bolti. Mnaiona hii swichi ya usalama? Ina hatua tatu. Mbele kabisa, bunduki inapiga. Nyuma kabisa, triga (kifyatulio) imefungwa na bolti imefungwa, kwa hiyo unapita vichakani bila tawi kukufungulia bolti. Lakini hii ya katikati ndiyo iliyonitoa pesa. Natia risasi tatu za plastiki, nafunga bolti, naweka swichi katikati. Sikilizeni: tik. Nabonyeza triga, nabonyeza tena, kimya. Haya, bolti... inafunguka! Risasi hiyo imeruka mezani. Navuta tena, ya pili. Ya tatu. Bunduki imebaki tupu, na muda wote huo triga ilikuwa imefungwa.

Narudia taratibu kwa aliyepitwa. Nyuma: vyote vimefungwa. Katikati: triga imefungwa, bolti huru. Mbele: tayari kupiga. Hata ukiwa gizani, kidole gumba kinakwambia uko hatua ipi.

Mnajua kwa nini naling'ang'ania hili? Bunduki yangu ya kwanza, jina silitaji, ilikuwa na hatua mbili tu. Ukiweka usalama, bolti inajifunga. Ili utoe risasi lazima kwanza uondoe usalama, yaani uiweke tayari kupiga ndipo uipakue. Jioni moja ya baridi kali, nimevaa glavu nene, napakua nyuma ya pikapu, glavu ikagusa triga. Risasi ikazama ardhini, si mbali na kiatu cha shemeji yangu. Mtutu ulikuwa umeelekea chini, Mungu saidia. Njia nzima ya kurudi hatukusemezana.

Kwa hiyo mtu akiniambia hatua tatu ni mapambo, hatuelewani kabisa.

Triga yenyewe, siyo swichi ya usalama, ni ya hatua mbili. Unavuta kidogo, inasimama, unaisikia kidoleni, kisha unaongeza kidogo tu... tik. Safi sana.

Uzito sasa. Hapa nilianza kwa kuisifu, lakini juzi nimepanda nayo mlima kwa muda wa saa nne na bega limenishitaki. Inakaribia kilo 3 na nusu kabla hujafunga darubini. Tikka T3x Lite ya Wafini haifiki kilo 3, na bolti yake inateleza kama imepakwa samli. Mwindaji wa kutembea kutwa, kwa kweli ningemwambia aishike Tikka kwanza. Wewe wa kukaa kwenye kibanda ukimsubiri kulungu, uzito huu ni rafiki yako, maana bunduki inatulia na haikupigi teke sana.

Na nyinyi mnaoniuliza kutoka nyumbani, mkubwa wangu wa Arusha nimeona ujumbe wako: hii ya .308 si ya nyati. Nyati ni .375 kwenda juu, usijaribu.

Bei: nimeilipa dola 580 kabla ya kodi, bila darubini. Kwa bei hiyo naichukua tena kesho asubuhi. Ukitajiwa 700, usitoe pesa bado, zunguka na maduka mengine, kwa sababu hapo umeshaisogelea Tikka.

Jumamosi ijayo nafunga darubini mbele yenu, kisha tunakwenda uwanja wa shabaha, mita 100, hewani moja kwa moja kwa mara ya kwanza kwenye chaneli hii. Risasi za greni 150 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) ninazo tayari. Kati ya 165 na 180, andikeni hapo chini ninunue zipi, duka linafungwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni.