Kibanda cha vipuri Kariakoo kilichoniokoa na mota: nyota nne

Nina dobi ndogo Sinza: mashine mbili za kufulia na draya moja. Masika yakishaanza, draya ndiyo inayotulisha, maana kamba ya uani haikaushi hata soksi. Sasa Jumanne asubuhi nabonyeza kitufe, kimya. Ndani yamelala mashuka 14 ya gesti, mabichi.

LUKU ilikuwepo. Soketi nikaijaribu kwa pasi, ikapata moto. Taa ya ndani ya draya inawaka, mlango nikiufunga swichi yake inalia "ta" kama siku zote. Fundi niliyemwita akagongagonga ubavuni, akasema mota imekufa, laki tatu na nusu. Mfuniko wa nyuma hata hakuufungua! Nikampa nauli, akaenda zake.

Kibanda chenyewe kiko kichochoroni, chembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Nikamwamkia mzee mwenye duka. "Marahaba. Ukibonyeza inaunguruma?" Nikamwambia haitoi hata mguno. "Basi mota tuiache kwanza." Mota iliyokwama, anasema, mara nyingi utaisikia ikihangaika. Akanionyesha kidude cheupe chenye miguu miwili ya bati: fyuzi ya joto. Kwenye draya kama yangu inakaa nyuma, karibu na feni. Joto likipita kiasi inakatika, na ikishakatika hairudi, ni kubadilisha tu. Bila hiyo mota haipati umeme. Akaniambia nikachomoe plagi, niifungue, nimletee.

Daladala tena, kwenda na kurudi, na mvua ile. Saa tisa nikamwekea mezani. Akagusisha mita kwenye miguu yake: bubu. Akachukua mpya: piii. Shilingi 12,000.

Nikamuuliza, si niunge tu zile waya mbili moja kwa moja? Akaniangalia juu ya miwani. "Binti yangu, unataka kuunguza nyumba ya watu?" Hakuniuzia mpaka nimeahidi kusafisha bomba la kutolea hewa ya moto, kwa sababu fyuzi haikatiki bure. Nilipolichomoa nikaona aibu. Vumbi la nguo limeshikamana kama sufi ya mto, nikalitoa kwa mkono, likajaa ndoo ya lita kumi. Kichujio cha mlangoni nakisafisha kila siku. Bomba, tangu ninunue mashine, sijawahi kuligusa.

Nyota ya tano nimeibana. Risiti mpaka uidai, simu hapokei, na Ijumaa anafunga kwenda kuswali bila kuacha hata kikaratasi mlangoni. Wiki iliyofuata nilisimama pale dakika arobaini nikisubiri mkanda wa akiba.

Mashuka niliyafua upya, yalishaanza kunuka. Mwenye gesti kayapokea saa mbili usiku, yana joto bado, akauliza kwa nini nimechelewa.