Amepaliwa: mapafu yameungua au ni nimonia?

Bibi wa Makete aliyepata kiharusi anapaliwa kila akinyweshwa uji. Nyumbani wanasingizia baridi. Akitapika na matapishi yakaingia mapafuni, asidi ya tumbo huyaunguza ndani ya saa chache: anahema juujuu, midomo inageuka rangi. Hapo oksijeni kwanza. Wengi hupata nafuu ndani ya saa 48, bila antibayotiki.

Nimonia yenyewe, yaani vijidudu vya mdomoni vikishuka na kuambukiza mapafu, huja taratibu, baada ya siku kadhaa: homa, makohozi ya usaha, pengine yananuka. Hiyo ndiyo ya antibayotiki, kwa kawaida siku 5 hadi 7. Ila wazee wengine hawapandishi homa kabisa, wanachanganyikiwa tu, na hapo ndipo tunapochelewa. Zote mbili ni za hospitali, si za duka la dawa. Uji anyweshwe ameketi wima, na meno yasafishwe kila siku.