Bushi za raba au za poli (polyurethane, plastiki ngumu inayonyumbuka kidogo) kwa mbele ya gari?

Kama gari inavuta upande ukikanyaga breki na tairi zinalika ndani, cheki bushi (vile vipande laini vya kwenye maungio) za kontrol ami, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu na bodi, kwanza, maana zikichoka ami inacheza na alaimenti (engo za magurudumu) haitulii hata uipime kila wiki.

Kwa stelingi, poli inashinda wazi. Ni ngumu, haibonyei hovyo, kwa hiyo gurudumu linabaki kwenye engo yake ukikata kona na tairi inalika sawasawa. Ila mashimo yote utayasikia mikononi! Raba inameza mtetemo, gari inakuwa kimya.

Bei, raba ndo rahisi kununua, lakini mara nyingi inataka presi (mashine ya kukandamiza) kuingizwa, wakati poli nyingi zinakuja vipande viwili unazisukuma kwa mkono.

Matunzo ndo penye kelele. Poli inazunguka juu ya bomba la chuma, ikikauka grisi inalia kama kitanda kibovu, na grisi yenyewe iwe ya silikoni. Raba haitaki grisi, inajipinda tu, na hapa mafundi wengi wanaharibu: wanakaza bolti gari ikiwa juu ya jeki, ikishushwa raba imeshajisokota na inachanika mapema. Kaza gari ikiwa imekaa chini kwa uzito wake.

We wa familia na barabara mbovu, raba mpya inakutosha kabisa. Anayekimbiza au kubeba mizigo mizito aangalie poli. Yoyote utakayofunga, kapime alaimenti.